Masikio Kwanza, Wati Baadaye

Mtu akinunua redio kubwa ya ridhaa, swali la kwanza watu watakalomuuliza ni inarusha wati ngapi. Yangu inarusha wati 100. Zipo redio za nusu ya bei yake zinazorusha wati hizo hizo 100, na msikilizaji aliyeko Japani au Finland hawezi kujua ipi ni ipi. Fedha iliyozidi imelipia kusikia. Nalitanguliza hili kwa sababu vijana wanaonijia siku hizi, hapa Tanga na hata kutoka Mombasa, wanataka niwaonyeshe namna ya kurusha, na mimi nawakalisha chini kwanza niwaeleze redio hii ilitoka wapi. Vifundo vilivyopangwa usoni mwake ni vingi, na kila kimoja kiliwekwa pale kwa sababu kuna mtu mahali fulani alishindwa kumsikia mwenzake.

Mimi mwenyewe redio niliijua kwa njia ya kazi. Kwa miaka mingi nilikuwa fundi wa redio za upepo kwenye hospitali na zahanati za misheni, na leseni ya ridhaa niliipata baada ya kustaafu. Kwa hiyo ninapoandika habari za wanaredio wa ridhaa, watu waliocheza na mawimbi bila kulipwa, naandika kama mtu aliyekula matunda ya kazi yao kabla ya kuwafahamu.

Mwaka 1912 Marekani ilitunga sheria ya redio iliyowasukuma watu binafsi kwenye mawimbi ya mita 200 kwenda chini. Mawimbi marefu yalibaki kwa meli, jeshi na makampuni. Wakubwa waliamini kwamba mawimbi mafupi hayafiki mbali, hivyo wakawaachia watu binafsi kile walichokiona makapi. Mwaka 1914 Hiram Percy Maxim na Clarence Tuska wakaanzisha American Radio Relay League kule Connecticut, chama cha kupokezana ujumbe kutoka mji hadi mji. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wanachama wakajiuliza: je, makapi haya yanaweza kuvuka Atlantiki?

Jaribio la kwanza lilifanyika Februari 1921. Vituo vya Marekani vilirusha, Waingereza wakasikiliza, na hakuna kilichosikika. Wengi wangeongeza wati. Chama kiliamua kupeleka sikio. Kilimchagua Paul Godley, mtengenezaji hodari wa vipokezi, kikampandisha meli kwenda Uingereza na mitambo yake. Mwisho wa safari alipiga hema karibu na bahari huko Ardrossan, Scotland, katikati ya baridi na mvua ya Desemba, akatandaza waya wa antena wa karibu mita 400 juu ya nguzo fupi. Pembeni yake alikaa mkaguzi kutoka kampuni ya Marconi ili awe shahidi. Usiku wa kuamkia Desemba 12, 1921, miaka 20 kamili tangu Marconi aliposikia herufi moja kuvuka bahari hiyo hiyo, Godley alinakili ujumbe mzima kutoka kituo 1BCG cha Greenwich, Connecticut, kilichokuwa kikirusha kwa nguvu ya kama kilowati moja. Siku zile alisikia vituo vingine vingi, na baadhi ya Waingereza nao wakavisikia kwa mitambo yao wenyewe.

Haki isemwe: mitambo ya kurushia nayo ilikuwa imeboreshwa. 1BCG kilitumia valvu, na sauti yake ilikuwa safi kuliko ile ya mitambo ya cheche. Lakini ndani ya hema la Godley kulikuwa na kitu ambacho watu wachache sana duniani walikuwa nacho, kipokezi cha superheterodini. Alikibuni Edwin Armstrong mwaka 1918 akiwa ofisa wa jeshi la Marekani mjini Paris, na huyo huyo Armstrong alikuwa mmoja wa waliojenga kituo cha Greenwich. Wazo lake ni hili. Badala ya kuhangaika kuchuja kila masafa yanayokuja, redio huzalisha wimbi lake dogo, hulichanganya na lile linaloingia, na mchanganyiko huo hutoa masafa mapya ambayo hayabadiliki, msikilizaji awe mita 200 au mita 20. Hapo kwenye masafa yasiyobadilika ndipo unapoweka chujio moja zuri, na kazi yote ya kutenganisha vituo hufanyika hapo. Redio za mbao za Philips zilizokuwa kwa babu zetu, na za transista zilizofuata, karibu zote zilisikia kwa njia hiyo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Novemba 1923 Léon Deloy wa Nice, Ufaransa, alijibizana kwa Morse na Fred Schnell wa Connecticut kwenye mita zipatazo 110. Oktoba 1924 Cecil Goyder, akiwa shuleni Mill Hill, London, alijibizana na Frank Bell aliyekuwa kwenye shamba la kondoo New Zealand, upande wa pili kabisa wa dunia. Aprili 1925 wanaredio wa ridhaa wakakutana Paris na kuunda umoja wao wa kimataifa. Ndani ya miaka minne makapi yakawa lulu, na makampuni na serikali zikayakimbilia. Utangazaji ulipoanza Nairobi mwaka 1928 mawimbi mafupi yalikuwa yameshajulikana thamani yake.

Huku kwetu wanaredio wa ridhaa walikuwapo enzi za ukoloni. Tanganyika ilikuwa na alama ya VQ3, Kenya VQ4, Uganda VQ5, Zanzibar VQ1. Baada ya uhuru zikaja 5H, 5Z na 5X. Wengi wao walikuwa maofisa, walowezi na wamishenari. Mwananchi wa kawaida hakupewa nafasi ya kuichezea redio. Aliishika kama karani wa simu, kama askari, kama dereva wa gari la kijiji, na aliambiwa azungumze kwa kifupi. Linaniuma mpaka leo, maana masikio tulikuwa nayo.

Sasa nije kwenye sanduku lenyewe. Hadi katikati ya karne ya ishirini, meza ya mwanaredio ilikuwa na masanduku mawili, la kurushia na la kupokelea, kila moja na kifundo chake cha masafa, na kuyaoanisha ilikuwa kazi. Mwaka 1957 kampuni ya Arthur Collins, ya Cedar Rapids, Iowa, ilitoa KWM-1, iliyounganisha yote mawili ili osileta moja, yaani kizalishaji kimoja cha wimbi, iongoze kurusha na kupokea. Ilitumia SSB, yaani kurusha upande mmoja tu wa wimbi na kuacha wimbi bebezi lenyewe, njia ambayo John Carson aliifikiria tangu 1915. SSB hubana nafasi na hutumia nguvu kidogo, lakini inamdai msikilizaji: ukikosea masafa kidogo tu, sauti hutoka kama ya bata.

SSB ndiyo niliyokutana nayo kazini. Madaktari wa ndege, ambao shirika lao lilianzishwa mwaka 1957 na leo linaitwa Amref Health Africa, walijenga mtandao wa redio kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda kwenye hospitali za mbali za Afrika Mashariki, na misheni nyingi zilikuwa na mitandao yao. Kila asubuhi kulikuwa na saa ya redio. Kila zahanati iliitwa kwa zamu, ikajibu, ikasema ina mgonjwa gani, dawa gani imekwisha, uwanja wa ndege umekauka au bado una tope. Wasikilizaji hodari niliowahi kuwaona walikuwa masista na wakunga. Walikaa na kidole kwenye kifundo kidogo kilichoitwa klarifaya, wakikigeuza kwa upole mpaka sauti ya bata ikawa sauti ya daktari, na mkono mwingine ukiandika kwenye daftari.

Katika zahanati mojawapo, sista mkuu wa pale aliniita kwa barua. Nilipofika akaniuliza, "Bwana Fundi, ni mimi ninayezeeka, au ni redio? Asubuhi nasikia vizuri, mara ghafla hospitali inapotea, kimya, halafu inarudi."

"Tukae tusikilize, Sista," nikamwambia.

Tulikaa. Saa ya redio ikaanza, hospitali ikaja safi kabisa. Kisha mkwaruzo wa pembeni ukapungua, sauti ikazama, kama kwamba mtu amekata antena. Nilitoka nje. Ng'ambo ya barabara mfanyabiashara mmoja alikuwa amefunga redio ya upepo ya kuwaitia madereva wake wa malori, na alikuwa akizungumza wakati ule ule. Hakuwa kwenye masafa yetu. Alikuwa kilohezi chache tu pembeni, lakini ujirani wa antena ulifanya nguvu yake ifurike mlangoni mwa redio yetu, na sehemu za mbele zikalemewa kabla ya ishara kufika kwenye chujio. Nilibadilisha transista, nikapima kila kitu, redio ilikuwa nzima. Mwishowe tuliongea na yule bwana kwa heshima, akakubali kuwaita madereva wake baada ya saa ya redio kwisha. Sista akaridhika. Mimi sikuridhika, kwa sababu sikujua fundi anaweza kufanya nini ndani ya sanduku ili jambo kama lile lisitokee.

Jibu lilikuwa limeshaandikwa Marekani. Rob Sherwood, mhandisi na mwanaredio wa ridhaa, alikuwa na Drake R-4C, kipokezi kilichosifiwa sana, na vipimo vya maabara vilikipa alama nzuri. Lakini alipoingia kwenye mashindano ya Morse, vituo vikali vikiwa vimebanana, alisikia takataka. Akagundua kwamba maabara zilikuwa zikipima kwa kuweka ishara kali umbali wa kilohezi 20 kutoka kwenye ile inayosikilizwa. Katika mashindano jirani yako hayuko kilohezi 20. Yuko kilohezi mbili. Chujio la kwanza la R-4C lilikuwa na upana wa kama kilohezi 8, kwa hiyo majirani wote waliingia ndani pamoja, wakachanganyikana, na kuzaa vivuli. Mfano wake ni rahisi. Kituo kimoja kikali kiko kilohezi 7032, kingine kiko 7034. Kipokezi kikilemewa kinazalisha chenyewe kituo cha uongo kwenye 7030, mahali pale pale ulipokuwa unamsikiliza mnyonge. Hakuna mtu anayerusha hapo. Redio yako inajidanganya. Mwaka 1977 Sherwood aliandika makala kuhusu tatizo hilo na dawa yake: weka chujio jembamba mapema kabisa, karibu na mlango, na pima kwa kilohezi 2. Tangu hapo ameendelea kupima redio na kupanga orodha yake, na watu wengi hawanunui kabla ya kuitazama.

Cha kusikitisha, viwanda havikumsikiliza haraka. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 wateja walitaka redio inayopokea mawimbi yote bila kuruka, na njia nyepesi ya kufanya hivyo ilikuwa kuinua masafa ya kati hadi megahezi 45 au 70. Huko juu chujio jembamba ni gumu kutengeneza, hivyo kwa miaka zaidi ya 20 redio za bei kubwa, zenye taa nyingi na maonyesho ya kupendeza, zilikuwa na mlango wa kilohezi 15 na zaidi. Naziheshimu kwa mengine, lakini kwa kusikia zilirudi nyuma.

Waliogeuza mambo walikuwa wadogo. Wayne Burdick na Eric Swartz, Wamarekani wawili wa California, walianzisha Elecraft mwaka 1998 na kuuza K2, redio unayoilehemu mwenyewe kipande kwa kipande, yenye masafa ya kati ya chini na chujio jembamba la kristali. Mwaka 2003 Ten-Tec ya Tennessee ikaja na Orion kwa falsafa hiyo. Mwaka 2007 Elecraft wakaitangaza K3, ambayo unaweza kuiunganisha kwa bisibisi tu, na ambayo humruhusu mwenyewe kuchagua machujio ya kristali ya kuweka mlangoni. Katika vipimo vya kilohezi 2 redio za aina hiyo zinavuka desibeli 90, maana yake zinamvumilia jirani mwenye nguvu mara bilioni moja kuliko mnyonge unayemsikiliza bila kuzalisha vivuli. Laiti Sista angekuwa nayo.

Baadaye zimekuja redio ambazo hubadilisha ishara zote zinazotoka kwenye antena kuwa tarakimu na kuiachia programu ifanye kazi ya machujio. Gerald Youngblood wa Texas alifungua njia, na Icom IC-7300 ya mwaka 2016 iliifikisha kwa watu wa kipato cha kawaida. Ni redio nzuri. Mimi nimebaki na K3 niliyoinunua kuukuu, na yafuatayo nayaandika kwa anayeanza na redio ya daraja hilo, iwe hiyo au nyingine.

Anza na umeme na waya. Redio inahitaji volti 13.8 na chanzo kinachoweza kutoa ampea 25. Antena ya kutosha kuanzia ni waya wenye jumla ya mita 10 na ushee, uliokatwa katikati, kwa ajili ya megahezi 14. Iinue juu uwezavyo, na wakati wa masika ichomoe kabla wingu halijafika. Kisha fanya jambo ambalo kitabu cha maelekezo hakikazii: endesha redio kwa betri, uzime meni swichi ya nyumba. Utashangaa jinsi mikwaruzo inavyopungua. Washa kimoja kimoja mpaka umpate mkorofi. Mara nyingi ni chaja ya simu, balbu ya LED ya bei nafuu, au kidhibiti cha sola. Redio ya gharama kubwa inayosikiliza chaja ni hasara tupu.

Ukishatulia, nenda megahezi 7 usiku. Wengi huwasha kiongeza nguvu cha mbele kwa kudhani watasikia zaidi. Kizime. Kwa latitudo zetu radi za mbali peke yake zina kelele kuliko kelele za ndani ya redio, kwa hiyo ukiongeza unaongeza kelele na kukaribisha kulemewa. Washa kipunguza nguvu, shusha kifundo cha RF hadi mikwaruzo itulie, na utaona mnyonge anajitokeza mwenyewe. Kifundo cha upana nacho kina historia uliyoisoma hapo juu. Kwenye K3 ukikibana, kioo kinaonyesha alama ikiruka kutoka FL moja hadi nyingine. Hapo chujio la kristali la mlangoni limebadilishwa, jirani amefungiwa nje. Na kifundo kilichoandikwa RIT ni ile klarifaya ya masista.

Somo bora liko megahezi 14.100. Kwenye masafa hayo vipo vituo 18 vya ule umoja wa kimataifa ulioundwa Paris, vilivyosambaa duniani, kila kimoja kina sekunde 10, na kila dakika tatu mzunguko unaanza upya. Kimojawapo, 5Z4B, ni cha Kenya, karibu na Nairobi. Kila kituo hutaja alama yake kwa Morse, kisha hupiga mistari minne ya sekunde moja moja: wa kwanza kwa wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa nne sehemu ya kumi ya wati. Dakika moja na nusu baada ya mzunguko kuanza hufuatana Sri Lanka, Afrika Kusini, Kenya na Israeli.

Juzi alasiri nilikaa na kijana wa dada yangu. Upana ulikuwa kilohezi 2.7. Sri Lanka ikaja, mistari miwili, wa tatu tukaukisia. Afrika Kusini ikaja, mistari miwili. Nairobi, kimya.

"Mjomba, Nairobi si ndiyo karibu?" akauliza.

"Ndiyo maana," nikamjibu. Nairobi iko kama kilomita 500 kutoka Tanga. Wimbi la ardhini limeshaisha nguvu kabla ya hapo, na lile linalopanda angani na kurudi linatua mbali zaidi, likaturuka. Colombo, kilipo kituo cha Sri Lanka, zaidi ya kilomita 4,000, inatuangukia vizuri. Nikabana upana hadi hezi 400, kelele zikapungua karibu mara saba, tukasubiri mzunguko. Safari hii mstari wa tatu wa Sri Lanka ulikuwa wazi, wati moja kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi, na kijana akadai ameusikia wa nne. Mimi sikuusikia. Masikio yake ni machanga kuliko yangu, nikamwamini, akauandika kwenye daftari kwa saa za UTC.

Kurusha bila leseni ni kosa. Tanzania leseni hutolewa na TCRA, Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano. Vijana, ombeni sasa, msingoje mpate redio kwanza, na muda mtakaosubiri majibu utumieni kusikiliza 14.100 na kujaza daftari.